Kababu Isiyopita Buchani

Hotuba kwa mama lishe na wanafunzi wa upishi, Tanga

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Mama zangu, dada zangu, na nyinyi wanafunzi mliokaa huko nyuma na aproni zenu, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie namna ya kupika nyumbani chakula cha kushika nafasi ya nyama kwa kutumia maharage na mboga. Najua wapo watakaotoka mapema kuwahi wateja wa mchana, kwa hiyo neno langu kuu nalisema sasa hivi. Kababu ya maharage ikiharibika, aliyeiharibu ni maji. Si ulimi wa mteja uliozoea ng'ombe, wala si maharage yenyewe. Ni maji yaliyobaki ndani ya maharage, ndani ya kitunguu, ndani ya uyoga, na mpishi hakuwa na subira ya kuyatoa.

Sikilizeni kwa nini. Maji yakichemka hayapandi joto zaidi ya nyuzi 100. Ile rangi ya kahawia tunayoipenda juu ya mshikaki, na ile harufu inayomsimamisha mpita njia, haiji vizuri mpaka joto lifike nyuzi 140 hivi. Sasa donge lenye maji mengi ukilitia kwenye mafuta ya moto, joto lote linakwenda kugeuza maji kuwa mvuke. Donge linachemka ndani ya mafuta, halikaangiki. Mvuke unatafuta pa kutokea, unalipasua, mafuta yanaingia kwenye nyufa, na mteja anapata kitu kizito kilicholowa mafuta, kisicho na harufu. Anaonja mara moja, anasema vyakula hivi si vya kwetu.

Mimi sikubali kabisa kwamba si vya kwetu. Kunde ni zao la Afrika. Pwani yetu hii imekula bajia za kunde na za dengu tangu enzi za bibi zetu, tena asubuhi na chai, bila mtu kuuliza nyama iko wapi. Afrika Magharibi wanasaga kunde hizo hizo zilizomenywa, wanazikaanga na kuziita akara. Watu waliochukuliwa utumwani kuvuka Atlantiki walikwenda na ujuzi huo, na leo katika mitaa ya Salvador, jimbo la Bahia, Brazil, akina mama waliovaa nguo nyeupe wanaziuza zikiwa zimekaangwa kwa mafuta ya mawese. Wamisri wana bajia zao wanazoziita taamiya. Lebanoni na Palestina wanasaga dengu. Na Waadventista Wasabato, waliofika milima ya Upare mwaka 1903, wamebeba mafundisho ya afya ambayo tangu karne ya 19 yanahimiza watu wale bila nyama. Daktari John Harvey Kellogg, aliyeongoza hospitali yao maarufu ya Battle Creek, Michigan, Marekani, alitengeneza kwa karanga chakula cha kuliwa badala ya nyama kabla karne hiyo haijaisha. Wengi wetu tuna jirani Msabato anayejua kupika soya kutuzidi. Kamuulizeni, hatawaficha.

Niseme na moja ambayo inaniuma. Majirani zetu wa Zambia wana chikanda, ambayo wengine huiita polony, yaani soseji nene, ya Kiafrika. Viazi vya okidi pori hukaushwa, hutwangwa, vikapikwa pamoja na unga wa karanga na pilipili mpaka vishikamane, kisha hukatwa vipande. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Lakini okidi ukichimba kiazi chake umeimaliza, na viazi hivyo vimechimbwa kwa wingi huku kwetu, Nyanda za Juu Kusini, Makete na kwingineko, vikavushwa mpakani Tunduma kwenda kuuzwa. Kuyalinda maua hayo ni miongoni mwa sababu za kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, mahali ambapo wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Ndiyo maana mimi nasimama na maharage. Unavuna, unapanda tena msimu unaofuata, na mizizi yake inauachia udongo naitrojeni.

Haya, tuingie jikoni.

Nunueni maharage ya msimu huu. Yaliyokaa sana ghalani, hasa kwenye joto na unyevunyevu wa pwani, yanakuwa magumu, na hata mkichemsha mpaka mkaa uishe hayalainiki sawasawa. Aina yoyote yenye unga mwingi inafaa: Lyamungo, Uyole 96, Kablanketi. Kablanketi mimi naipenda zaidi kwa ladha yake, ila wenye kutaka rangi inayokaribia nyama wachukue Uyole 96, ile nyekundu iliyokoza.

Loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale yote, suuza, tia maji mapya. Kumwaga maji ya kulowekea kunapunguza zile sukari zinazosababisha gesi tumboni, na maharage yaliyoloweka yanaiva upesi, kwa hiyo mkaa au gesi unaookoa ni faida yako.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri, hasa nyinyi wanafunzi. Maharage, hasa mekundu, yakiwa mabichi yana sumu. Ni protini ya jamii ya lektini, na punje chache tu mbichi zinatosha kumfanya mtu atapike na kuharisha ndani ya saa chache. Kuchemsha kunaiua, lakini lazima maji yatokote kwa nguvu. Mtu anayeacha sufuria kwenye moto mdogo usiofikia kuchemka, akidhani yataiva taratibu, hajaiua sumu hiyo na anaweza kuiongeza makali. Maji yatokote nusu saa nzima kwanza, ndipo upunguze moto na kuendelea mpaka yaive. Kwa sababu hiyo hiyo msichukue utaratibu wa bajia za kunde, zile zinazosagwa mbichi, mkauhamishia kwenye maharage mekundu. Kunde na dengu zinavumilia. Maharage mekundu hayavumilii.

Magadi msitie. Najua yanalainisha haraka, lakini yanaharibu vitamini B1 na kuyafanya maharage yavurugike, nasi hatutaki rojo.

Maharage yakiiva, yaani ukibonyeza kati ya vidole viwili yanapondeka bila kiini kigumu, yachuje. Supu yake usiimwage. Ina ladha, itafaa kwenye mchuzi wa mboga. Sasa rudisha maharage matupu kwenye sufuria, juu ya moto mdogo kabisa, bila kifuniko, ukitikisa sufuria mara kwa mara. Utaona mvuke unapanda. Endelea mpaka upungue na maganda yaanze kupasuka na kuonekana makavu. Anayepika mengi ayamwage kwenye sinia pana, ayatandaze, ayaache yapigwe na upepo akiwa ameyafunika kwa kitambaa chepesi, inzi wasitue. Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka. Haihitaji ujuzi, wala fedha, wala kifaa. Inahitaji kama robo saa ya kusimama pale, na robo saa hiyo ndiyo inayoamua kama utauza au hutauza.

Yaponde yangali na uvuguvugu, kwa kinu au kwa mwiko mzito. Bleenda iacheni kwenye juisi. Inageuza maharage kuwa gundi laini, na kababu ya gundi laini haina cha kutafuna. Ponda sehemu kubwa iwe laini ili ishikamanishe, nyingine ibaki na chembe chembe, jino lipate kazi. Nyama tunaipenda kwa utafunaji wake kama tunavyoipenda kwa ladha.

Na ladha sasa. Nyama inakuja jikoni na ladha yake, maharage yanakuja na upole. Kwa hiyo ladha lazima uijenge wewe, na unaijenga kwenye fraipani nyingine, kabla hujachanganya. Kwa nusu kilo ya maharage makavu, ambayo ukiyapika yanazidi kilo moja, chukua vitunguu maji viwili vikubwa, vikate vidogo vidogo, vikaange kwa mafuta kidogo na chumvi, moto wa wastani. Msivitoe vikilainika tu. Vifike kahawia. Hapo tia kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa, kisha vijiko viwili vya nyanya ya kopo. Nyanya hiyo ikaangwe mpaka ikoze rangi na mafuta yajitenge pembeni. Nyanya iliyokolezwa na uyoga vina ule utamu mzito wa mchuzi wa nyama, kwa hiyo mwenye uyoga autumie, lakini uyoga karibu wote ni maji: ukate vipande, utie kwenye fraipani kavu bila mafuta, utatoa maji mengi, ngoja yakauke yote, ndipo utie mafuta uukaange. Viungo vya kavu, uzile, giligilani, pilipili manga na mdalasini kidogo sana, vikaange kavu kwanza na kuvitwanga palepale. Viungo vilivyosagwa mwaka jana na kukaa dirishani vimebaki vumbi tu.

Wapo wanaotaka na harufu ya moshi, maana mshikaki bila moshi haujakamilika. Jiko la Kihindi lina njia nzuri. Tia mchanganyiko wako kwenye sufuria, katikati weka kibakuli kidogo cha chuma, weka ndani yake kipande kimoja cha mkaa kilichowaka kikawa chekundu, kidondoshee matone ya mafuta au samli, ufunike mara moja. Dakika tano zinatosha. Mkaa uwe wa mti, safi, usiomwagiwa mafuta ya taa.

Kushikamanisha ni jambo dogo mkishakausha. Vijiko vinne au vitano vya unga wa dengu, uliokaangwa kavu mpaka unukie, vinafyonza unyevu uliobaki na kushika donge. Mkate mkavu uliosagwa nao unafaa. Kiazi mviringo kilichopondwa kinashika vizuri, lakini kinaleta maji yake na kuigeuza kababu kuwa katlesi, kwa hiyo mimi nakikwepa. Yai tieni kama wateja wenu wanakula mayai. Ila mkiona mnahitaji kuongeza unga kila mara na bado donge linanata mikononi, rudini nyuma: hamkukausha, na unga mwingi utawapa mandazi ya maharage.

Finyanga, panga kwenye sinia, acha ipoe nusu saa. Wanga wa maharage ukipoa unakaza, na kababu iliyokaza haipasuki. Mafuta yawe yamepata moto kiasi kwamba chembe ukiidondosha inapanda juu mara moja ikichemka. Usijaze karai. Kababu nyingi kwa pamoja zinashusha joto la mafuta, tukarudi kulekule kwenye kuchemsha. Ukipima gramu 60 kila moja, utapata 20 au zaidi kidogo.

Nimekaa sana kwenye maharage kwa sababu ndiyo yanayopatikana kila duka na ndiyo mnayoyaweza leo hii. Mengine nitayapitia upesi.

Soya ina protini nyingi kuliko jamii zote za kunde tunazozila, kama gramu 36 kwa kila gramu 100 za punje kavu. Loweka, saga na maji, chuja kwa kitambaa kama mnavyokamua tui. Maziwa yake lazima yachemke vizuri, maana soya mbichi inazuia mwili kusaga protini. Yakichemka, epua, tia maji ya ndimu kidogo kidogo ukikoroga taratibu, yatakatika. Funga kwenye kitambaa, weka jiwe zito juu, na hapa tena ni habari ya maji: ukikamua kwa muda mfupi unapata kitu laini cha kuvunjikavunjika, ukikamua saa kadhaa unapata kipande kinachokatika kwa kisu na kushika kwenye kijiti cha mshikaki. Chicha yake msitupe. Ikichanganywa na maharage yaliyopondwa inaipa kababu utafunaji mzuri kuliko unga wowote. Ipikwe vizuri tu.

Unga wa ngano nao una nyama yake. Kanda donge gumu, liache ndani ya maji kama saa moja, kisha likamue chini ya maji mpaka weupe wote utoke. Kinachobaki mkononi ni utepe unaovutika, ambao ni protini ya ngano. Wachina wamekuwa wakiupika kwa karne nyingi. Ukikandwa pamoja na maharage na viungo, ukafungwa ndani ya jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, unatoa soseji inayokatika slesi. Wenye maradhi yanayowakataza ngano wasipewe, na muuzaji awaambie mapema.

Fenesi bichi, lile changa ambalo mbegu zake hazijakomaa, linachambuka nyuzi nyuzi kama nyama ya kuchemsha. Paka mafuta mikononi na kwenye kisu kwa ajili ya utomvu. Lichemshe, likamue, lichambue, likaange na vitunguu na viungo vya pilau. Ni tamu, na wateja wanalipenda. Lakini hapa nataka tuwe wakweli kwa watu tunaowalisha: fenesi halina hata gramu tatu za protini kwa kila gramu 100. Biringanya na uyoga navyo vina protini kidogo. Vinatoa utafunaji na ladha, havijengi mwili wa mtoto. Ukimwondolea mtoto nyama ukampa fenesi peke yake, umemnyima. Changanya na maharage, au weka maharage pembeni ya sahani.

Na maharage yenyewe tusiyapambe kupita kiasi. Gramu 100 za nyama ya ng'ombe iliyopikwa zina protini kama gramu 26. Maharage yaliyopikwa, uzito huohuo, yana karibu gramu 9. Kwa hiyo kababu moja haitoshi, weka tatu au nne. Mnaweza kumudu. Kwa bei ya kilo moja ya nyama mnapata kilo kadhaa za maharage makavu, na kilo moja ya maharage ikipikwa inazidi kilo mbili, wakati nyama jikoni inasinyaa. Mkiyaandaa na ugali, wali au chapati, nafaka inafidia kile kinachopungua kwenye protini ya maharage, nayo maharage yanafidia cha nafaka. Madini ya chuma yamo, lakini mwili unayapokea vizuri mtu akila na kitu kichachu: kachumbari yenye ndimu, nyanya mbichi, embe bichi. Chai inazuia. Mshaurini mteja, hasa mama mjamzito, anywe chai yake baadaye. Na vitamini B12 haimo kwenye maharage wala mboga yoyote. Anayeacha nyama siku mbili au tatu kwa wiki hana shida. Anayeacha nyama, samaki, maziwa na mayai moja kwa moja aende kituo cha afya apate ushauri wa kuipata kwa njia nyingine.

Jambo la kuuza. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meya wa jiji la Cologne, Ujerumani, Konrad Adenauer, ambaye mwaka 1949 alikuja kuwa chansela wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, alibuni soseji iliyotiwa unga wa soya kwa sababu watu wake walikuwa na njaa. Wajerumani walimkatalia hataza, yaani hati ya kulinda ubunifu wake, kwa sababu sheria yao ilitaka soseji iwe nyama. Waingereza, waliokuwa wakipigana nao, ndio waliompa. Mimi katika hilo nawaelewa pande zote mbili. Chakula kile kilihitajika, na mnunuzi naye ana haki ya kujua anachokula. Andikeni kwenye ubao wenu: kababu za maharage. Msimwambie mtu ni nyama. Muislamu anataka kujua, Mkristo aliye kwenye Kwaresima anataka kujua, Mhindu asiyekula nyama anataka kujua zaidi, tena kwake hata mafuta yaliyokaangia mishkaki hayafai. Mkitaka wateja hao, na Tanga wapo, tengeni karai lao.

Dada mmoja aliniuliza pale mlangoni kama mchanganyiko unaweza kulala. Kwenye friji, ndiyo, siku mbili. Nje, kwa joto letu hili, usizidi saa mbili. Maharage yaliyopondwa yanachacha upesi, na harufu ya viungo inaweza kuficha uchachu huo. Ni afadhali kuzifinyanga, kuzigandisha kwenye friza zikiwa mbichi, na kutoa zile za kuuza siku hiyo, zikaangwe zikiwa bado za baridi.

Kwenye meza hii kuna masinia mawili. Maharage ni aina moja, viungo ni vilevile, vipimo ni vilevile. Moja limekaushwa kama nilivyoeleza, jingine limepondwa na maji yake. Karai ni moja na mafuta yameshapata moto. Nataka watu wawili, mama lishe mmoja na mwanafunzi mmoja, kila mtu achukue kutoka kila sinia, akaange, awagawie wenzake. Mama mwenye kitenge cha bluu, karibu mbele. Na wewe mdogo wangu wa kiti cha mwisho, njoo.